Sokwe Aliyefundwa: Mtumishi na Hofu ya Bwana Katika Filamu za Kutisha

Mnyama wa filamu za kutisha aghalabu hutisha kwa kile alichoumbwa nacho: papa kwa meno yake, nyoka kwa sumu yake, simba kwa makucha yake. Sokwe hutisha kwa kile alichofundishwa. Kabla hajaua, mtazamaji huoneshwa kwanza jinsi anavyovaa suruali, anavyokaa mezani, anavyoshika kijiko na kuelewa maneno ya watu. Ufundi huo huchekesha katika nusu ya kwanza ya filamu na hutia hofu katika nusu ya pili, ilhali ni ufundi ule ule. Mpangilio huu umerudiwa mara nyingi mno, tangu miaka ya 1930 hadi karne hii, hata ni vigumu kuuita sadfa. Anayezitazama filamu hizi kwa makini hugundua kwamba aliyejificha ndani ya manyoya ni mtumishi, yule aliyejifunza kazi ya nyumba vizuri kuliko bwana wake alivyotaka ajifunze.

Chimbuko la jadi hii ni hadithi fupi. Mwaka 1841 mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya mauaji ya mtaa wa Morgue jijini Paris, ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa mama wa hadithi za upelelezi. Muuaji ni orangutani aliyeletwa na baharia kutoka kisiwa cha Borneo. Jina la mnyama huyo limetoka katika Kimalei, na maana yake ni mtu wa msitu. Baharia humfungia chumbani, naye mnyama humchungulia bwana wake kwenye tundu ya ufunguo anaponyoa ndevu. Siku moja bwana anarudi usiku na kumkuta ameketi mbele ya kioo, povu usoni, wembe mkononi, anajaribu kunyoa. Baharia anachukua mjeledi. Mnyama anakimbilia nje na wembe. Yanayofuata ni damu.

Katika hadithi hiyo mna jambo ambalo kila mfasiri angepaswa kulitafakari. Mashahidi waliosikia sauti ya muuaji nyuma ya mlango hawakubaliani juu ya lugha aliyosema. Mfaransa anadhani ni Kihispania, Mholanzi anadhani ni Kifaransa, Mwingereza anadhani ni Kijerumani, Mhispania anadhani ni Kiingereza, na Mtaliana anadhani ni Kirusi. Kila mmoja ameisikia lugha asiyoijua. Poe alifahamu kwamba mpaka baina ya mlio na lugha huchorwa na sikio la msikilizaji, na kwamba mgeni asiyeeleweka na mnyama asiyeeleweka huweza kutiwa katika kapu moja. Mwisho wa hadithi ni mkavu na mchungu: mnyama hauawi. Bwana wake anamkamata na kumuuza kwa bustani ya wanyama ya Paris kwa fedha nyingi. Wanawake wawili wamekufa, na mwenye mjeledi amepata faida.

Sinema ilipoichukua hadithi hiyo mwaka 1932, chini ya uongozi wa Robert Florey, ilibadilisha mengi. Baharia alitoweka, na pahala pake akawekwa Daktari Mirakle, aliyeigizwa na Bela Lugosi, ambaye humwonesha sokwe wake Erik kwa watu wa maonyesho na kwa siri hutaka kuchanganya damu yake na ya wanawake. Hatimaye Erik anamnyonga daktari, kisha anapigwa risasi juu ya mapaa ya nyumba. Kanuni ikawa imewekwa: bwana mwovu sharti afe, lakini aliyemuua naye lazima afe, maana mkono ulioinuka juu ya bwana mmoja huweza kuinuka juu ya wote.

Filamu iliyolidhihirisha jambo hili waziwazi zaidi ni Link ya mwaka 1986. Iliongozwa na Richard Franklin wa Australia, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameongoza Psycho II. Jane, mwanafunzi wa elimu ya wanyama anayeigizwa na Elisabeth Shue, anakwenda kufanya kazi kwa profesa Steven Phillip, anayeigizwa na Terence Stamp, katika nyumba ya upweke kando ya bahari huko Uingereza. Anapobisha hodi, mlango unafunguliwa na sokwe mzee aliyevaa nguo za utumishi. Huyo ndiye Link, mstaafu wa sarakasi, mvuta sigara nene, mwenye adabu zote za nyumba kubwa. Wazee wa Pwani wanalikumbuka neno boi, lililotumiwa zama za ukoloni kumwita mtumishi wa nyumbani hata akiwa na wajukuu. Link ni boi kwa maana hiyo hasa. Anajua kila kitu kilipo na hakuna anayemwuliza kitu.

Hofu ya filamu hii inaanza pale profesa anapoamua kwamba Link amekwisha muda wake na inafaa auawe. Bwana hudhani kwamba mtumishi hasikii yanayosemwa mbele yake. Ndilo kosa kongwe kuliko yote ya mabwana. Link anafahamu. Punde profesa haonekani tena, na nyumba inakuwa mikononi mwa aliyekuwa akiifagia. Franklin anazicheza dakika hizi kwa ustadi. Sokwe hapigi kelele. Anaendelea na desturi zake, anavuta sigara yake, anamtazama Jane kwa utulivu unaotisha kuliko mngurumo. Muziki wa Jerry Goldsmith, mtunzi aliyekwisha kuipa Planet of the Apes muziki wake mwaka 1968, una mdundo wa sarakasi unaomkumbusha mtazamaji kila mara kwamba mnyama huyu alianza maisha yake kwa kuchekesha watu.

Kuna kinaya kingine nje ya hadithi. Link ni sokwe mtu katika filamu, lakini aliyemwigiza alikuwa orangutani aliyeitwa Locke, ambaye manyoya yake yalitiwa rangi nyeusi. Mtu wa msitu alipakwa rangi ili awe sokwe mtu. Filamu inayoonya juu ya kumfunda mnyama ilitengenezwa kwa kumfunda mnyama, na haielekei kama ililiona hilo. Nyani haoni kundule.

Asili ya filamu hiyo inafika hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Franklin alivutiwa na mada hii baada ya kusoma katika jarida la National Geographic makala ya Jane Goodall juu ya ukatili wa sokwe mtu, na jina la shujaa wake wa kike linamkumbusha mtazamaji chanzo hicho. Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwezi Julai 1960. Kwa miaka ya mwanzo taarifa zake ziliufurahisha ulimwengu: sokwe wanatengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, wanakumbatiana, wanafiwa. Kisha, baina ya 1974 na 1978, madume wa jamii ya Kasakela waliwavizia na kuwaua mmoja mmoja madume wa jamii ya Kahama, ambao zamani walikuwa wenzao. Wengi walipata taabu kuliamini jambo hilo. Mwaka 1991 Margaret Power alitoa hoja kwamba ndizi walizogawiwa sokwe na watafiti ndizo zilizoharibu tabia zao. Lakini mwaka 2014 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature, uliokusanya kumbukumbu za jamii 18 za sokwe mtu, ulionesha kwamba mauaji ya namna hiyo hayaelezwi na kuingiliwa na binadamu. Ukatili ule ni wa kwao, kama vile wa binadamu ulivyo wa kwao.

Hapa ndipo filamu inapoachana na Gombe. Sokwe wa Kasakela hakuwa na bwana, hakuvaa nguo, wala hakufundishwa chochote na yeyote isipokuwa mama yake na wenzake. Franklin aliuchukua ukatili wa msituni akauvisha nguo za boi, na kwa kufanya hivyo akageuza habari ya elimu ya viumbe kuwa habari ya nyumba na mtumishi wake.

Wala isidhaniwe kwamba hatari yenyewe ni ya kubuni. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi ya Gombe, dume aliyeitwa Frodo alimpokonya mtoto mchanga wa binadamu na kumuua. Uhakiki unaolipita tukio hilo kimya unakuwa mchezo wa maneno. Msiba wa familia ile haukuwa na kisasi ndani yake, wala chuki iliyolimbikizwa miaka mingi, wala wembe ulioibwa. Frodo alikuwa mwindaji hodari wa mbega, na alifanya kwa mtoto alivyozoea kufanya kwa mawindo. Hakuuawa, alikufa mwaka 2013. Kwa wanaoishi jirani na msitu, kumwogopa sokwe ni kumwogopa mnyama, na hofu hiyo ina haki yake. Hofu inayouzwa katika majumba ya sinema ni ya namna nyingine, na haifai kuchanganywa na ile.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika Phenomena (1985), filamu ya Dario Argento wa Italia. Humo mna sokwe mtu wa kike, Inga, ambaye kazi yake ni kumwuguza mtaalamu wa wadudu anayetumia kiti cha magurudumu. Bwana wake anauawa. Inga anaokota wembe, na mwishoni anamkata nao muuaji na kumwokoa msichana. Wembe wa Poe umerudi, na ukatili wake haukupungua hata chembe. Lakini Inga haadhibiwi. Filamu inamwacha akikumbatiwa na msichana. Mtumishi anayeua kwa ajili ya bwana husamehewa wembe wake, na anayeua kwa ajili ya nafsi yake huchomwa moto, kama Link, ambaye anateketea pamoja na nyumba aliyoitumikia.

George Romero alikwenda mbali zaidi katika Monkey Shines ya mwaka 1988, ingawa mnyama wake, Ella, ni kima mdogo wa Amerika wa jamii ya kapuchini na hawezi kuitwa sokwe. Allan amepooza kuanzia shingoni. Rafiki yake mwanasayansi anamletea Ella, aliyedungwa dawa iliyotokana na ubongo wa binadamu ili akili yake ipanuke. Ella anampikia bwana wake, anamfungulia vitabu, anamshikia simu. Taratibu anaanza pia kumfanyia yale ambayo Allan anayatamani na hayathubutu kuyasema. Kila anayemuudhi Allan anadhurika. Hapa mtumishi si mwasi hata kidogo. Ni mtiifu kupita kiasi, anayetii hata ghadhabu iliyofichwa moyoni. Romero anamlazimisha mtazamaji kuuliza dhambi hizo ziandikwe kwa jina la nani. Na Allan anapomuua Ella, asiyekuwa na mikono ya kumsaidia, anamuua kwa meno. Katika dakika ile wamebadilishana mahali, na ni vigumu kusahau nani aliyeanza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini mara nyingi humtanguliza mwingine.

Congo ya mwaka 1995 ni kazi dhaifu zaidi kwa sanaa, na nzito zaidi kwa maana. Iliongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, na muziki wake, kwa mara nyingine tena, ni wa Goldsmith. Msafara wa Wamarekani unaingia msitu wa Kongo kutafuta almasi katika mji uliopotea uitwao Zinj. Msomaji wa Visiwani hawezi kulipita jina hilo hivi hivi. Zinj, au Zanj, ndilo jina walilotumia wanajiografia wa Kiarabu, akiwemo al-Masudi katika karne ya 10, kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na sauti yake ingali ndani ya jina la Zanzibar. Ndilo pia jina walilopewa watumwa walioasi kusini mwa Iraki mwaka 869 na kupigana na dola ya Bani Abbasi hadi mwaka 883.

Na hadithi ya mji huo katika filamu ni ipi? Mabwana wa Zinj waliwafunza masokwe wa kijivu kuyalinda machimbo yao na kuwaua wezi. Masokwe wakawageukia mabwana wakawamaliza. Kilichobaki ni magofu, almasi, na walinzi wake wanaovunja mafuvu ya wageni. Jina la watu limebakizwa, watu wenyewe wameondolewa, na mahali pao wamewekwa wanyama walioasi. Hapana haja ya kudai kwamba waandishi walikusudia hivyo. Tusi la kumfananisha Mwafrika na nyani ni kongwe kuliko sinema, na msanii anayeokota jina njiani huokota na vumbi lake. Filamu yenyewe inamgawa sokwe mara mbili: Amy, gorila mtiifu mchora picha, anavikwa glavu ya kitaalamu inayogeuza ishara zake kuwa sauti ya Kiingereza, masokwe wa kijivu hawapewi neno hata moja. Wanapewa miali ya leza, kisha volkano. Anayesema lugha ya bwana anaruhusiwa kurudi msituni kwa amani.

Mnyama mwenye akili hakutisha kila mahali. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha jijini London ngano alizosimuliwa Zanzibar, na miongoni mwake kimo Kisa cha Punda wa Dobi. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari na kumtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, na wakifika katikati ya maji anamwambia kwamba sultani mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba makima huacha mioyo yao mitini watembeapo. Basi na warudi wakauchukue. Akishaufikia mti hashuki tena. Papa anapomwita, kima anamkatalia kwa kumsimulia kisa cha punda aliyerudi mara ya pili kwa simba.

Akili ya kima huyu ni kubwa kuliko ya Link, na ulaghai wake haupungui. Hata hivyo hakuna mtoto wa Kiswahili aliyewahi kulala kwa hofu ya kima wa mkuyuni. Sababu iko wazi: msimulizi amemkalisha msikilizaji mtini, upande wa aliyetakiwa kutoa moyo wake ili mkubwa apone. Filamu za kutisha humkalisha mtazamaji sebuleni, upande wa mwenye nyumba. Akili ile ile, ikitazamwa kutoka mtini, ni wokovu. Ikitazamwa kutoka sebuleni, ni jinai.

Ndiyo maana kuna dakika moja katika Rise of the Planet of the Apes (2011), filamu ya Rupert Wyatt, inayostahili kutajwa hapa ingawa filamu hiyo si ya kutisha kwa maana kamili. Sokwe Caesar, aliyelelewa katika nyumba ya watu kisha akatupwa kizuizini, anasimama mbele ya mlinzi mwenye fimbo ya umeme na kutamka neno lake la kwanza. Ni neno moja fupi la Kiingereza la kukataa. Mfasiri wa Kiswahili atalitia neno gani? Hapana, kwa umbo lake, hukana kuwepo kwa kitu mahali. La hukana jambo. Sitaki ina nafsi ndani yake: kwenye ile si- ya mwanzo amesimama mtu anayesema. Uchaguzi huo hauna njia ya kuukwepa. Atakayeandika hapana atakuwa ameandika mlio wenye maana. Atakayeandika sitaki atakuwa amekiri kwamba sokwe ni nafsi ya kwanza. Hali ya mateka yule mbele ya fimbo ile inaidai ya pili. Na neno hilo ndilo ambalo filamu zote zilizotangulia zilimnyima mnyama wao, zikamwachia wembe alisemee.

Jordan Peele, katika Nope (2022), hakumpa sokwe wake neno lolote, lakini alibadilisha mahali pa kamera. Gordy ni sokwe wa tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Puto linapasuka studioni, naye anawashambulia waigizaji wenzake. Mauaji yenyewe yanaonekana kwa nusu tu, kutoka chini ya meza alikojificha mtoto mwigizaji. Gordy anapomwona, ananyoosha ngumi wagongeane kama walivyozoezwa, na hapo risasi inampata. Watazamaji wa Marekani walikuwa na sababu ya kutetemeka. Mwezi Februari 2009, mjini Stamford, Connecticut, sokwe mtu aliyeitwa Travis, aliyelelewa nyumbani na kuwahi kutokea katika matangazo ya televisheni, alimjeruhi vibaya rafiki wa mwenye nyumba, kisha akauawa na polisi kwa risasi. Peele anaongeza jambo moja chungu: mtoto yule, akiwa mtu mzima, ana chumba cha kumbukumbu za siku ile, na wageni hulipa kukiona. Baharia wa Poe yungali hai, na biashara yake inaendelea.

Dosari ya Nope ni kwamba Gordy ametumiwa kama funzo kwa hadithi ya wengine. Anaingia, anaonya, anakufa. Hata hivyo ngumi ile iliyonyooshwa inabeba ukweli ambao Franklin aliugusa akaukimbia, na ambao Marshall hakuuona kabisa. Mnyama alikuwa angali anatii somo alilofundishwa alipopigwa risasi.

Filamu za namna hii zitaendelea kutengenezwa, maana hofu inayozilisha haijesha. Mtazamaji na azitazame, kwani nyingine ni kazi za ustadi, na kutishwa ni raha yenye heshima yake katika sanaa. Lakini azipime kwa kuuliza wembe ulikuwa wa nani kwanza, na fedha za mwisho zimeingia mfuko upi. Filamu inayothubutu kuyajibu hayo inazungumza juu ya watu na nyumba zao. Ile isiyothubutu humchoma sokwe, huwasha taa, na kuwarudisha watu makwao wakiamini kwamba hatari imekwisha.